Mafuta Yaliyokwisha Kukaangia: Yahifadhiwe Vipi, na Yaende Wapi?

Katika banda la chipsi mafuta mapya hutiwa karaini asubuhi yakiwa na rangi ya manjano hafifu, mepesi, na bila harufu ya kutajika. Siku ya nne au ya tano mafuta hayo hayo yamekuwa ya kahawia. Yanateremka kijikoni polepole kama asali. Kila viazi vinapozamishwa, povu la chembe ndogo ndogo hupanda hadi ukingoni na kukawia kutulia. Na moshi wake humchoma mpishi machoni kabla karai halijapata moto wa kutosha. Mafuta yamechoka.

Hapo mwenye banda ana njia tatu. Aweza kuongeza mafuta mapya juu ya yale ya zamani na kuendelea na kazi. Aweza kuyamwaga. Au aweza kuyaweka katika dumu na kumpa mtu mwenye haja nayo kwa kazi nyingine, kama vile kutengeneza sabuni au mafuta ya kuendeshea mitambo. Njia ya kwanza ndiyo ya kawaida, ya pili ndiyo ya haraka, na ya tatu ndiyo yenye manufaa. Lakini hiyo ya tatu ina mtego ndani yake: dumu lililotoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa mtengeneza sabuni laweza kurudi kwa mlango wa mbele na kuuzwa kama mafuta ya kula. Ili kuelewa jinsi mtego huo unavyofanya kazi, na jinsi namna ya kuhifadhi inavyoweza kuutegua, ni lazima kwanza kutazama yanayotokea ndani ya karai lenyewe.

Yanayotokea karaini

Mafuta yote ya kupikia, yawe ya alizeti, ya pamba, ya mawese au ya nazi, yamejengwa kwa mtindo mmoja. Kila molekuli yake ni mfano wa uma wenye meno matatu: mpini ni glisarini, na kila jino ni asidi ya mafuta, yaani mnyororo mrefu wa atomi za kaboni zilizoshikana na haidrojeni. Kinachotofautisha mafuta haya na yale ni urefu wa meno hayo na idadi ya vifungo maradufu vilivyomo. Mafuta ya alizeti yana vifungo maradufu vingi. Ndiyo maana hubaki majimaji hata usiku wa baridi, na ndiyo maana hushambuliwa upesi na hewa. Mafuta ya nazi yana vichache. Hayo huganda asubuhi ya baridi, lakini hukawia kuchacha.

Maadui wa mafuta karaini ni watatu: maji, hewa na moto. Kiazi kibichi ni maji kwa kiasi cha karibu sehemu 80 katika 100. Kinapozama katika mafuta yenye joto la nyuzi 175 za sentigredi, maji yaliyo karibu na uso wake hugeuka mvuke mara moja. Mvumo unaosikika na mapovu yanayoonekana ni mvuke huo ukitoka. Mvuke huo una faida, kwa kuwa hukinga kiazi kisifyonze mafuta mengi. Lakini sehemu yake hushambulia molekuli za mafuta na kung'oa jino moja baada ya jingine. Jino lililong'oka huitwa asidi huru. Kadiri asidi huru zinavyozidi, ndivyo mafuta yanavyofuka moshi kwa joto dogo zaidi. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa kiwandani huvumilia hadi kupita nyuzi 220 kabla ya kutoa moshi. Yaliyochoka huweza kufuka moshi katika joto lile lile la kukaangia. Glisarini nayo, ikiisha kuachwa na meno yake na ikaungua, hutoa gesi kali iitwayo akrolini, ambayo ndiyo hasa huchoma macho ya mpishi.

Adui wa pili ni oksijeni ya hewani. Hiyo hukamata vifungo maradufu na kuyavunja meno vipande vipande, na baadhi ya vipande hivyo ndivyo vyenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Karai pana na lisilo na kina kirefu hutoa uwanja mkubwa kwa hewa; karai lenye kina huwa na uwanja mdogo. Madini ya shaba na chuma huharakisha kazi hiyo hata kwa kiasi kidogo sana, na kwa hiyo chombo cha shaba hakifai kukaangia wala kuhifadhia mafuta.

Adui wa tatu ni moto wenyewe. Molekuli zilizojeruhiwa huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa molekuli kubwa. Hapo ndipo unapotoka uzito wa mafuta ya zamani, povu lisilotulia, na ule utando wa kahawia wenye kunata kama gundi unaojibandika katika kingo za karai na kumchosha anayesugua.

Sasa yaonekana wazi kwa nini kuongeza mafuta mapya juu ya ya zamani si dawa. Mafuta yaliyooksidika hubeba chembe zinazoanzisha kuoksidika kwa jirani zake, na hivyo mafuta mapya huharibika upesi kuliko kama yangeanza peke yake katika karai safi. Yanayosaidia kweli ni mambo madogo: kutopitisha nyuzi 180, kukausha viazi kabla ya kuvitia, kutonyunyiza chumvi juu ya karai, kuchuja makombo kila siku kabla hayajawa makaa, na kufunika karai kazi ikiisha.

Hata hivyo siku ya mwisho hufika. Wataalamu hupima jumla ya mabaki ya mafuta yaliyovunjika, yaani asidi huru, vipande vilivyooksidika na zile molekuli kubwa zilizoungana. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka kikomo kati ya sehemu 24 na 27 katika 100. Yakipita hapo, mafuta hayaruhusiwi kukaangia chakula cha kuuza. Asiye na chombo cha kupimia hutegemea povu, moshi na uzito. Rangi ni shahidi dhaifu kuliko wote. Samaki aliyepakwa unga huyatia mafuta weusi upesi yakiwa bado mazima, na mafuta yaliyokwisha kabisa yaweza kurudishiwa manjano yake kwa kuchujwa katika udongo maalumu unaofyonza rangi. Jambo hilo litakumbukwa mbele.

Yakimwagwa

Mafuta ya moto huteremka bombani kwa urahisi, na mwenye kuyamwaga huamini kwamba yamekwenda. Mbele kidogo hupoa na kuganda katika kuta za bomba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walionyesha kwamba madonge yanayoziba mifereji ya maji machafu mara nyingi si mafuta matupu bali ni sabuni: asidi huru hukutana na kalisi inayotoka katika maji na katika saruji ya mfereji, nazo zikiungana hufanya sabuni ngumu isiyoyeyuka. Mwaka 2017 donge la namna hiyo liligunduliwa chini ya mtaa wa Whitechapel, London, likiwa na urefu wa mita 250 na uzito uliokadiriwa kuwa tani 130. Wafanyakazi walilivunja kwa majuma mengi, na sehemu yake ikatengenezwa dizeli.

Miji mingi ya Afrika ya Mashariki haina mtandao mkubwa wa mifereji ya namna hiyo, lakini shimo la maji machafu nyuma ya mgahawa huziba kwa njia ile ile: kuta zake hupakwa ute wa mafuta, na ardhi haiwezi tena kunywa maji. Na yakifika mtoni, utando mwembamba juu ya maji huzuia hewa isiwafikie samaki.

Dumu

Yaliyo ya kuhifadhiwa ni lazima yapoe kwanza. Dumu la plastiki la kawaida huyeyuka katika nyuzi zipatazo 130, na mafuta ya kukaangia huwa juu ya hapo kwa nyuzi arobaini au zaidi. Karai kubwa hukawia saa kadhaa kupoa, na ajali nyingi hutokea kwa sababu mtu ana haraka ya kufunga duka. Mafuta ya mawese yasingojwe hadi yagande. Yamiminwe yakiwa vuguvugu. Yachujwe kwa kitambaa cha melimeli, kwa kuwa makombo ya unga na nyama yakibaki ndani huoza na kuyachachua mafuta yote.

Kisha kuna maji. Dumu lililooshwa na kupinduliwa kwa saa moja bado lina maji katika pembe zake. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu zipatazo 920 tu, na kwa hiyo maji hushuka chini na kukaa hapo bila kuonekana. Mahali maji na mafuta yanapokutana, bakteria hustawi, na kazi ile iliyoanzishwa na mvuke karaini, ya kung'oa meno, huendelea kimya kimya katika stoo, majuma kwa majuma. Dumu lililohifadhiwa vibaya kwa miezi miwili laweza kuwa na asidi huru nyingi kuliko siku lilipojazwa. Na atakayeyapasha moto mafuta hayo bila kuyatenganisha na maji yu hatarini: maji yakigeuka mvuke hujipanua zaidi ya mara 1,600, na kijiko kimoja cha maji chini ya sufuria ya mafuta ya moto chatosha kuyarusha yote nje.

Kwa hiyo dumu liwe kavu kabisa, lijazwe karibu na shingo ili hewa ndani iwe kidogo, lifungwe kwa kifuniko chake, na liwekwe kivulini mbali na jiko. Wakati wa kuyatoa, mafuta ya juu yamiminwe taratibu na vidole viwili vya mwisho viachwe. Matambara yaliyotumika kupangusia nayo yasirundikwe pembeni: mafuta yenye vifungo maradufu vingi, kama ya alizeti au ya soya, huoksidika juu ya kitambaa na kutoa joto, na joto hilo likikosa pa kutokea huweza kuwasha rundo zima bila kiberiti. Moto wa namna hiyo huanza usiku, jiko likiwa limezimwa zamani.

Swali la mwisho juu ya dumu ndilo kubwa: kabla ya mafuta haya lilikuwa na nini?

Katika Januari ya mwaka 1999, nchini Ubelgiji, mafuta yaliyokusanywa kwa ajili ya kutengenezwa upya yalichanganyika na mafuta ya transfoma yaliyokuwa na kemikali za PCB. Wakati ule mafuta ya aina hiyo yaliruhusiwa kutiwa katika chakula cha mifugo. Kilo zipatazo 50 za PCB, pamoja na dioksini zisizozidi gramu moja hivi, zilisambaa katika tani zipatazo 500 za chakula cha kuku na nguruwe. Ishara ya kwanza ilitoka mabandani: kuku walipunguza kutaga, mayai hayakuanguliwa, vifaranga wakafa. Habari zilipofika kwa wananchi katika Mei, kuku na mayai yaliondolewa madukani, nchi nyingi zikafunga milango kwa vyakula vya Ubelgiji, na mawaziri wawili, wa Afya na wa Kilimo, wakajiuzulu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 ilikataza mabaki ya mafuta ya mikahawani yasitumike tena kulishia mifugo.

Mafuta ya transfoma si kitu cha mbali. Wizi wake kutoka katika nguzo za umeme umekuwa tatizo la miaka mingi Kenya na Tanzania, na mwaka 2014 vyombo vya habari vya kimataifa vilieleza jinsi mafuta yaliyoibwa Kenya yalivyouzwa kwa wakaangaji wa kando ya barabara, kwa sababu yalikuwa rahisi na yalidumu karaini muda mrefu. Kudumu huko kuna maelezo ya kikemia. Mafuta ya transfoma hutokana na petroli. Si uma wenye meno matatu, na kwa hiyo mvuke hauna jino la kung'oa. Kwa sababu hiyo hiyo hayawezi kuwa sabuni. Mtengeneza sabuni anayekuta kwamba tabaka la mafuta linabaki likielea juu ya sufuria yake, hata soda ikiwa ya kutosha, ana haki ya kuuliza dumu limetoka wapi.

Sabuni

Kazi ya kale kuliko zote ya mafuta yaliyochoka ni sabuni. Alkali kali hung'oa meno yote matatu kwa pamoja. Kila asidi hushika sodiamu na kuwa sabuni, na glisarini hubaki huru. Asidi ambazo karai lilikwisha kuzing'oa si hasara hapa, maana hizo hugeuka sabuni upesi zaidi.

Kilo moja ya mafuta ya alizeti huhitaji soda kali, ambayo madukani huitwa kostiki soda, kiasi cha gramu 134. Mawese huhitaji gramu 141. Yafaa kupunguza kidogo, gramu 5 hivi kwa kilo, ili pasibaki soda isiyopata mwenzi na kuja kuchoma ngozi. Soda huyeyushwa kwanza katika gramu 300 au 350 za maji. Soda ndiyo hutiwa katika maji, kamwe si maji katika soda, kwa kuwa mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka. Macho na mikono ifunikwe, na kazi ifanyike penye hewa. Na hapa pana kosa linalorudiwa mara nyingi: chombo kisiwe sufuria ya kawaida. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na soda kali huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka kwa cheche moja. Ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu hufaa.

Mafuta huchemshwa kwanza pamoja na maji ya chumvi, kisha huachwa yatulie. Maji hubeba makombo na sehemu ya harufu, nayo humwagwa. Mafuta yakipoa hadi vuguvugu, maji ya soda humiminwa polepole huku yakikorogwa hadi yawe mazito kama uji. Uji huo humiminwa katika kalibu, hukatwa baada ya siku moja au mbili, na vipande huachwa vikauke kwa majuma manne. Sabuni hiyo huwa ya kahawia na hubaki na harufu kidogo ya samaki au viazi. Haifai sana kuogea, lakini kwa nguo, sakafu na vyombo yafaa barabara.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni ilipoadimika katika maduka ya Tanzania, maarifa ya kujitengenezea sabuni yalikuwa na thamani kubwa. Pasipokuwa na soda kali kulikuwa na magadi. Magadi ya Ziwa Magadi na ya Ziwa Natron ni kaboneti ya sodiamu, alkali dhaifu ambayo peke yake huyageuza mafuta kwa shida. Lakini maji ya magadi yakichemshwa pamoja na chokaa iliyozimuliwa, kaboneti hushikana na kalisi ya chokaa na kutuama chini kama unga mweupe, na maji yanayobaki juu ni soda kali. Mwalimu wa kemia hatapata kwa urahisi mfano mwingine unaounganisha ziwa, tanuri la chokaa na karai la chipsi katika somo moja.

Mafuta ya kuendeshea mitambo

Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina iliyobuniwa na Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilifanya kazi vizuri, lakini mafuta ya mimea yana mnato mara kumi hivi kuliko dizeli ya petroli, na injini za baadaye, zenye matundu membamba ya kupulizia mafuta, huziba. Jibu lilitokana na mawese ya Kongo. Mwaka 1937 G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hati ya ubunifu wa kuyageuza mafuta hayo kwa alkoholi, na mwaka uliofuata basi la abiria lilikwenda kwa mafuta ya namna hiyo kati ya Brussels na Louvain.

Njia yenyewe ni ndugu ya ile ya sabuni. Badala ya kila jino kushika sodiamu, hushika alkoholi, kwa kawaida methanoli, na kuwa esta. Soda huwa kichocheo tu. Kilo 100 za mafuta na kilo 11 za methanoli hutoa takriban kilo 100 za dizeli ya mimea na kilo 11 za glisarini. Mnato hushuka karibu na ule wa dizeli ya kawaida. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na huwaka kwa urahisi. Kwa hiyo kazi hii si ya meza ya darasani.

Lakini hapa asidi huru, zilizokuwa rafiki wa mtengeneza sabuni, hugeuka adui. Zikizidi kiasi cha sehemu moja au mbili katika 100, hula kichocheo na kuwa sabuni. Sabuni hiyo huchanganya dizeli na glisarini kuwa rojo moja lisilotenganishika. Maji huleta balaa lile lile. Mtambo mzima unaweza kuharibika kwa sababu ya dumu lililooshwa lisikaushwe.

Kupima asidi huru, kinyume chake, ni kazi inayofaa sana darasani. Gramu 10 za mafuta yaliyochujwa huyeyushwa katika mililita 50 za ethanoli iliyopashwa vuguvugu katika maji ya moto, mbali na mwali, na ambayo asidi yake mwenyewe imekwisha kuondolewa kwa matone ya alkali. Matone machache ya fenolfthalini hutiwa. Kisha haidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M hudondoshwa kutoka katika bureti, huku chupa ikitikiswa, hadi rangi ya waridi idumu kwa nusu dakika. Kila mililita moja huonyesha gramu 0.0282 za asidi, ikihesabiwa kama asidi ya oleiki. Mililita 3.5 ni karibu sehemu moja katika 100. Mafuta mapya yaliyosafishwa hayapaswi kupita mililita moja. Darasa likipima mafuta ya karai moja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, litauona mstari ukipanda; na likipima dumu kavu na dumu lenye maji yaliyotoka katika karai hilo hilo, baada ya mwezi mmoja, litaona kazi ya maji kwa tarakimu.

Soko la mafuta haya limepanuka hata angani. Katika Mei ya mwaka 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi kwenda Amsterdam ikiwa na mafuta ya ndege yaliyochanganywa na sehemu iliyotokana na mabaki ya mafuta ya mimea na ya wanyama.

Kurudi mezani

Kitu kikipata bei hupata pia wezi na wachanganyaji. Mwaka 2011 polisi wa China walitangaza kuwakamata watu 32 katika msako uliogusa mikoa 14; walikuwa wakikusanya mabaki ya mafuta, mengine kutoka katika mifereji ya mikahawa, na kuyasafisha na kuyauza tena kama mafuta ya kula. Wachina huyaita mafuta ya mfereji. Yaliondolewa rangi na harufu, na mnunuzi hakuwa na la kutilia shaka isipokuwa urahisi wa bei.

Wengine hushauri kwamba mafuta yaliyochoka yatiwe sumu au kitu kichungu ili yasilike. Hispania ilipata fundisho la ushauri huo mwaka 1981. Mafuta ya mbegu yaliyoingizwa nchini kwa matumizi ya viwanda yalikuwa yametiwa anilini kusudi yasiuzwe kwa chakula. Wafanyabiashara waliyasafisha ili kuiondoa anilini, wakayauza katika madumu yasiyo na lebo, mlango kwa mlango na katika masoko ya mitaani. Watu wapatao 20,000 waliugua na zaidi ya 300 walikufa. Walioathirika wengi walikuwa wa mitaa maskini, waliovutiwa na bei. Kitu kilichotiwa kuzuia matumizi mabaya ndicho kilichozidisha madhara.

Ulinzi unaobaki ni wa kawaida mno: madumu ya rangi moja yaliyoandikwa kwa wino usiofutika kwamba si ya chakula, stoo yenye kufuli, na daftari la tarehe, lita, na jina la aliyechukua. Mgahawa unaonunua lita 40 kwa juma na kukabidhi lita 25 wajua kwamba nyingine zimeondoka na chakula. Unaokabidhi lita 5 tu una swali la kumuuliza mpishi wake.

Na bei nayo ina sauti yake. Mtengeneza sabuni na mwenye mtambo wa dizeli hawawezi kulipa vizuri kwa dumu lenye maji, makombo na asidi nyingi, kwa kuwa watalipia uzito ambao lazima waumwage. Kwa dumu kavu, lililochujwa na kufunikwa, waweza kutoa bei ya kushindana. Mnunuzi anayeyapeleka karaini tena haulizi juu ya maji. Karai lake litayachemsha.